Sura ya Sita: Jembe la Siku ya Tatu

Barua za namna hii hufanana. Kijana wa miaka ishirini na kitu, anayesoma historia, sanaa za maonesho au uhifadhi wa malikale katika chuo kimoja cha Ulaya, anaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa miezi mitatu au sita. Anaeleza kwamba anaipenda Tanzania, yuko tayari kwa kazi yoyote, na gharama zake amezipata kwao. Mkuu wa taasisi anaisoma, haoni hasara, anajibu kwamba anakaribishwa. Miezi miwili baadaye kijana ameshuka stendi ya Songea akiwa na begi mgongoni, na hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kukaa chini kufikiri atafanya nini Jumatatu asubuhi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, na Watanzania wanaujua kwa moyo. Ukarimu haujatupungukia, hata katika taasisi zetu za sanaa na utamaduni. Tunachokosa ni jembe lenyewe: siku ya tatu inafika, mgeni amenyoosha mkono, na hakuna aliyelitia mpini.

Nayajua yanayofuata, kwa kuwa nimeyaona mahali pengi. Kijana anapewa kompyuta. Anaambiwa atunze ukurasa wa Facebook, apige picha za matukio, asahihishe Kiingereza cha maombi ya fedha. Kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka na ana bidii, baada ya mwezi mmoja yeye ndiye anayewaandikia wafadhili. Wafanyakazi waliomtangulia kwa miaka kumi wanaanza kumuuliza yeye barua imejibiwaje. Siku anapoondoka, nywila ya ukurasa anaondoka nayo, na mawasiliano yote yamebaki kwenye anwani yake binafsi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kijana alifanya kile alichopewa, na taasisi ikabaki dhaifu kuliko alivyoikuta.

Nimeichagua Songea kuwa mfano wa sura hii kwa sababu pale suala la mgeni wa kujifunza lina uzito ambao haupo mahali pengine. Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji yapo kwenye ardhi ya makaburi. Tarehe 27 Februari 1906, katika vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60, akiwamo Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama wa Njelu, dola ya Kingoni ya kusini, na wengi wao wakafukiwa katika kaburi moja. Nduna, yaani kiongozi wa vita, Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake umeamini kwa vizazi kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Basi kijana wa Kijerumani anayeingia kwenye lango hilo na daftari mkononi anaingia nyumba ambayo habari za mababu zake zilishazungumzwa kabla hajazaliwa. Wengine hunyamaza wakakosa la kusema. Wengine huanza kumwomba msamaha kila wanayekutana naye, mpaka mama anayeuza maandazi nje. Ninawaelewa, lakini msimamizi mwema atamweleza mapema na kwa upole kwamba wazee wa Songea hawahitaji radhi ya kila siku kutoka kwa mtoto wa miaka 20. Wanahitaji kitu ambacho yeye anaweza kukifanya na sisi wengi hatuwezi.

Kitu hicho kipo, na ndicho kiini cha sura hii. Habari nyingi zilizoandikwa kuhusu vita hivyo vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907, katika Ungoni, nchi ya Wangoni, ziko kwa Kijerumani. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini yanatunzwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Majalada ya Wizara ya Makoloni ya Berlin yako katika Bundesarchiv, nyaraka za taifa za Ujerumani, na mengi yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, hivyo yeyote mwenye simu na bando anaweza kuyafungua akiwa Songea, mitaa ya Lizaboni au Bombambili. Wamisionari wa Kibenediktini, walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na kuiona misheni yao ikichomwa vitani, waliandika nao: barua, taarifa, habari za misheni zilizochapwa kwao Bavaria. Karibu vyote hivyo ni vya lugha ambayo mhifadhi wa Songea hakufundishwa shuleni.

Hapo ndipo jembe lilipo. Badala ya ukurasa wa Facebook, kijana apewe jalada moja. Kazi yake kwa miezi sita iwe kusoma kurasa 40 au 60, kuzinakili kwa herufi za kawaida, kuzifasiri, na kukaa na mhifadhi pamoja na wazee ili kila jina la mtu, mlima na kijiji litambuliwe. Hiyo ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Inamlazimu ajifunze Kiswahili kwa sababu bila Kiswahili hataweza kuuliza. Ikiisha, inabaki Songea.

Kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Maandishi ya mkono ya wakati ule yaliandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani unaoitwa Kurrent, ambao shule za Ujerumani ziliuacha mwaka 1941. Kijana wa leo wa Munich au Leipzig hawezi kusoma barua ya babu wa babu yake mpaka ajifunze mwandiko huo. Taarifa nyingi zimepigwa chapa, hizo hazina shida, lakini zenye thamani kubwa mara nyingi ni zile zilizoandikwa kwa kalamu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwombaji halihusu mapenzi yake kwa Afrika. Aulizwe kama anausoma mwandiko huo, na kama hausomi, aambiwe kuna miezi mitatu kabla ya safari na akajifunze. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Kwenye karatasi kuna jina Schabruma. Kijana anaona ni jina tu, analinakili lilivyo. Mzee aliyeketi upande wa pili wa meza, na ambaye tayari ameitikia shikamoo na kumpa kijana cheo cha mjukuu, anasikia jina likisomwa kwa sauti na papo hapo anamtambua: huyo ni Nkosi Chabruma wa Mshope, upande wa kaskazini, aliyeendelea kupigana wakati Njelu imekwisha kuvunjwa. Kisha jina jingine, limeharibiwa zaidi. Mzee anaomba lisomwe tena, polepole. Anafumba macho, anajaribu matamshi mawili matatu, anauliza limeandikwa karibu na mto gani. Hatimaye anasema huo ni ukoo fulani, na kaburi lao analijua. Ofisa wa Kijerumani hakujua alichoandika, kijana hajui anachokisoma, mzee hajui kwamba jina la ukoo ule limekaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 100. Kijana na mzee wote wawili wanahitajika mezani ili ukurasa mmoja ueleweke, na mhifadhi anahitajika kuandika yote mawili, la karatasi na la mzee, bila kulifuta hata moja.

Songea ilikwisha kuona kazi ya namna hii ikifanywa vizuri, na waliofanya walikuwa wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake wa historia vijijini kukusanya kumbukumbu za Maji Maji kutoka kwa wazee. Gilbert Gwassa, Mtanzania, na John Iliffe, Mwingereza, walikuwa nyuma ya mpango huo. Wanafunzi wengi walipelekwa maeneo waliyozaliwa, penye lugha wanayoijua na wazee wanaowajua. Kwa upande wa Ungoni, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliandika kijitabu kuhusu vita hivyo kilichochapwa mwaka 1969, na hadi leo mtu anayetaka kuandika juu ya Wangoni na Maji Maji hawezi kukiruka. Fikiria hilo: vijana wa chuo, wakiwa na maswali yaliyopangwa na daftari, walifanya kazi iliyodumu zaidi ya nusu karne.

Siri yake haikuwa fedha. Walipewa swali lililo wazi. Walipewa lugha. Walikuwa na walimu waliosoma kila ripoti na kuirudisha ikiwa na mapungufu. Na walifika kwa wakati: mtoto wa miaka minane wakati wa vita alikuwa na miaka 71 mwaka 1968. Leo shahidi wa macho hayupo tena, lakini wapo waliolelewa na mashahidi, waliosikia habari hizo jikoni na kwenye matanga, na hao nao wanapungua kila mwaka. Mafunzo kwa vitendo yanayomweka kijana ofisini mbele ya kompyuta wakati wazee hao wapo hai umbali wa bodaboda moja ni upotevu ambao hatutaweza kuulipa baadaye.

Kurekodi wazee kuna adabu zake, na ni juu ya mwenyeji kuzifundisha. Kijana asiende peke yake. Aende na mfanyakazi wa makumbusho, ikiwezekana mwenye Kingoni, na ziara ya kwanza iwe ya kujitambulisha tu, simu ikae mfukoni. Mzee aelezwe sauti yake itakwenda wapi na nani ataisikia, na akisema jambo fulani lisirekodiwe, lisirekodiwe. Kuna habari za tiba, za matambiko na za aibu za koo ambazo si za mgeni, na si za makumbusho pia. Kila saa moja ya sauti huweza kula siku nzima ya kuinakili, wakati mwingine zaidi. Mpango unaomtaka kijana arekodi wazee 30 kwa miezi mitatu utaacha kabati limejaa sauti ambazo hakuna atakayezisikiliza. Wazee sita wanatosha, sauti zao zikiwa zimenakiliwa, zimesomwa mbele yao na kusahihishwa.

Makaburini napo pana utaratibu. Kila mwaka mwishoni mwa Februari mji unakusanyika kuwakumbuka mashujaa: ngoma, silaha za jadi, hotuba, maombi, na kilele tarehe 27. Kijana aliyeko Songea wakati huo atataka kupiga picha kila kitu. Apangiwe kazi inayoshika mikono yote miwili: kupanga viti, kupokea wageni kutoka vijijini, kuandika majina ya vikundi vya ngoma na viongozi wao. Atajifunza zaidi hivyo kuliko kwa kamera. Ngoma ya lizombe hutazamwa kwanza, kisha huulizwa, na ikiwa wenyewe wameridhia, ndipo hupigwa picha.

Wapo wanaokuja kwa ajili ya ngoma na muziki hasa, na kwao hali ni nyepesi zaidi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981 na sasa kinajulikana kama TaSUBa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi huko Zanzibar kimekuwa kikifundisha tangu 2002. Mgeni anayekwenda huko kujifunza kupiga qanuni au marimba anajua tangu mwanzo kwamba yeye ni mwanafunzi: ana mwalimu, ana ratiba, analipa ada, anakosea mbele za watu. Uwazi huo ndio ninaoutaka Songea. Kijana wa kujitolea ambaye hakuna aliyemwambia yeye ni mwanafunzi hujikuta amekuwa mshauri, na mshauri wa miaka 21 ni mzigo kwa kila mtu, kuanzia yeye mwenyewe.

Mambo ya vibali nitayapitia upesi, maana hayana mjadala. Anayeingia kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, hata ya bure. Wa kujitolea, wanafunzi na watafiti huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C, na taasisi mwenyeji ndiyo inayotakiwa kuonesha kwamba inamfahamu na ina kazi naye. Ikiwa anachokifanya ni utafiti, na kurekodi wazee kwa ajili ya tasnifu ni utafiti, apate pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Baada ya hapo atajitambulisha kwa ofisi ya mkoa, ya halmashauri, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa atakakoishi. Mwenyeji anayesubiri kijana afike ndipo aanze kuuliza haya atampotezea mwezi wa kwanza wote kwenye foleni.

Kuhusu malazi nina msimamo: akae na familia. Songea ni mbali, zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Njombe, na kijana aliyepangiwa chumba cha hoteli atakuwa na upweke utakaomfanya akimbilie Wazungu wenzake kila Ijumaa. Ndani ya familia atajifunza kusalimia, kuteka maji yakikatika, kula ugali bila kuulizwa kama anaupenda, na kumwambia mama wa nyumba anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Juni na Julai baridi ya Songea humshangaza aliyedhani Afrika yote ni joto. Aambiwe abebe sweta. Familia ilipwe, na ilipwe kwa wakati, kwa kiasi kilichoandikwa. Ni makosa kudhani kwamba ukarimu wa mama yule unalipa mchele.

Fedha kwa jumla ni jambo ambalo wenyeji wetu huona haya kulitamka. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, hugharamiwa na serikali yao kwa hadi asilimia 75, na kiasi kinachobaki hutafutwa na shirika linalotuma. Kwenye bajeti hizo kuna tiketi, bima, posho ya kijana, semina zake. Mwenyeji aulize: muda wa msimamizi wangu uko wapi? Mhifadhi anayekaa na kijana saa mbili kila siku kwa miezi sita ameacha kazi nyingine. Nauli ya kuwafuata wazee vijijini inalipwa na nani? Karatasi, betri, soda ya mzee? Maswali haya yaulizwe kabla ya kusaini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejua thamani ya anachokitoa.

Katika mkataba huohuo kuna kifungu ambacho ningekiweka mbele ya vyote. Kila kilichokusanywa, sauti, picha, tafsiri na orodha za majina, nakala kamili ibaki Songea kabla kijana hajapanda basi, kwenye kompyuta ya makumbusho na kwenye karatasi, na muhtasari wake uwe wa Kiswahili. Ahadi ya kutuma baadaye haitoshi. Anayeahidi huwa anamaanisha, kisha anarudi kwao, mitihani inamkuta, anapata kazi, flashi inalala kwenye droo. Ikiwa atatumia habari hizo kwenye tasnifu, aandike majina ya wazee walioridhia kutajwa kama anavyowataja maprofesa. Songea imekwisha kunyang'anywa vya kutosha kwa risasi. Isinyang'anywe kwa mafunzo kwa vitendo.

Na safari isiwe ya upande mmoja. Norway ilianzisha shirika lake la kupeleka vijana nchi za Kusini mwaka 1963, na mwaka 2000 ikalibadilisha liwe la kubadilishana: taasisi ya huku inapeleka mtu na taasisi ya kule inapeleka mtu, zikiwa na mpango mmoja. Tangu 2018 linaitwa Norec. Wajerumani nao wamefungua mlango wa kupokea vijana kutoka Kusini ndani ya weltwärts tangu 2013. Mlango huo ni mwembamba, na viza inawakatisha tamaa wengi, lakini upo, na taasisi ya Songea inayopokea kijana wa Kijerumani ina haki ya kuuliza katika barua ya kwanza kabisa: wa kwetu atakwenda lini?

Wa kwetu ana kazi inayomngoja. Septemba 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa kulinganisha vinasaba wamepata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni, ndugu hao wakiwa Kilimanjaro. Songea bado inasubiri habari ya Nduna. Vitu vya wakati wa vita viko katika makumbusho ya Berlin, na watawa wa St. Ottilien huko Bavaria wana makumbusho yao ya misheni yenye vitu kutoka kusini mwa Tanzania. Vitu hivyo vinatunzwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kumsikia mzee wa Kingoni akieleza ngao hushikwaje au kitu fulani kilikuwa cha nani. Mtu wa kumpeleka si mwenye Kiingereza kizuri kuliko wenzake. Ni yule aliyekwisha kukaa mezani na mgeni juu ya jalada, akaona Schabruma akigeuka kuwa Chabruma, anayejua kuuliza jina linapokuwa na kasoro, na ambaye wazee wanamwamini kiasi cha kumtuma.

Apewe Kijerumani cha miezi kadhaa kabla ya kuondoka, maana sharti tulilompa mwenzake kuhusu lugha linamhusu naye. Apangiwe ghala la vitu na chumba cha nyaraka, asiwekwe mapokezi kupamba brosha kwa sura yake. Na aende na orodha ya maswali, ukoo kwa ukoo, iliyosomwa mbele ya wazee na kupitishwa nao Songea kabla tiketi haijakatwa.